Charles d'Orléans (1394–1465): Kabaila Mfungwa na Suala la Lugha Mbili

Utangulizi

Historia ya fasihi ya Ulaya imezoea kuwapanga watunzi kwa lugha zao. Aandikaye kwa Kifaransa huhesabiwa kuwa wa Ufaransa, na aandikaye kwa Kiingereza huhesabiwa kuwa wa Uingereza. Ama yule aliyeandika kwa lugha zote mbili, huyo huwa hatarini kukatwa vipande viwili. Charles, Duki wa Orléans, ni mmoja wa waliokatwa hivyo. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliziona tungo zake za Kifaransa zimewekwa katika orofa moja ya maktaba na tungo zake za Kiingereza katika orofa nyingine, na mwanafunzi aliyezipata hizi hakuwa na njia ya kuzipata zile isipokuwa kwa bahati. Mpango huo wa rafu si jambo dogo. Unaonyesha jinsi wataalamu walivyomfikiria mtu huyu kwa muda mrefu: Wafaransa wakimsoma kama mmoja wa washairi wao wa mwisho wa Zama za Kati, na Waingereza wakimjua zaidi kama mateka wa vita, au kama mhusika mdogo mwenye majigambo katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Henry V.

Makala haya yanakusudia kuyaweka tena mahali pamoja maisha hayo yaliyogawanywa. Hoja yenyewe ni hii: Charles alikulia katika ugomvi wa jamaa ambamo maneno, yawe ya kiapo, ya mashtaka au hata ya msamaha, yalikuwa silaha tu, na mara nyingi aliwekewa mdomoni na wengine. Katika miaka 25 ya kifungo alijifunza kulichagua neno lake mwenyewe, kwanza kwa lugha yake na kisha kwa lugha ya waliomfunga. Na ni kwa neno hilo la kuchagua, wala si kwa upanga, alivyofikia suluhu na nyumba iliyomwua baba yake. Kwa mtazamo huo, miaka ambayo wengi wameihesabu kuwa imepotea ndiyo iliyomfanya awe mtu wa kukumbukwa.

Kabla ya kuendelea, yafaa tulieleze neno moja. Duki alikuwa kabaila wa daraja la juu kabisa chini ya mfalme, mwenye ardhi, mahakama, kodi na askari wake. Mapatano au ugomvi wa maduki wawili ulitosha kuiweka nchi nzima katika amani au katika vita.

Nasaba na Kisasi

Charles alizaliwa Paris tarehe 24 Novemba 1394. Baba yake, Louis wa Orléans, alikuwa ndugu wa Mfalme Charles VI. Mama yake, Valentina Visconti, alikuwa binti wa Gian Galeazzo Visconti, mtawala wa Milan. Kwa hiyo mtoto huyu alirithi damu ya kifalme ya Ufaransa kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili dai la utawala katika Italia. Hata hivyo ikulu aliyozaliwa karibu nayo haikuwa na amani. Tangu mwaka 1392 mfalme alikuwa akishikwa na vipindi vya wazimu, na kila aliposhikwa, jamaa zake waligombea mamlaka na hazina ya nchi. Baada ya muda wagombea wakuu wakawa Louis mwenyewe na binamu yake Jean, Duki wa Burgundy, aliyepewa lakabu ya Asiyeogopa.

Mwaka 1406 Charles, akiwa hajatimiza miaka 12, aliozwa binti wa mfalme, Isabelle, ambaye tayari alikuwa mjane wa Richard II wa Uingereza. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1407 watu waliotumwa na Jean walimvamia Louis katika barabara moja ya Paris wakamwua. Mwezi Machi 1408 mwanachuoni mmoja aitwaye Jean Petit alisimama mbele ya baraza la kifalme kwa niaba ya Duki wa Burgundy, akatoa hotuba ndefu ya kuthibitisha kwamba kumwua dhalimu ni jambo la haki. Hapa mwanafunzi wa lugha hana budi kusita kidogo. Mauaji yaliyofanywa gizani yalipewa sura ya wema mchana, na kilichoyapa sura hiyo ni ufasaha wa msemaji. Valentina alizunguka akidai haki kwa ajili ya mumewe, asiipate. Akafariki Blois mwezi Desemba mwaka huo huo, akimwachia mwanawe mwenye umri wa miaka 14 deni la damu.

Tukio la pili la maneno lilifuata upesi. Mwezi Machi 1409, katika Kanisa Kuu la Chartres, Duki wa Burgundy aliombewa msamaha wa mfalme mbele ya hadhara, kisha watoto wa Orléans wakaamriwa watamke kwamba nao wamesamehe. Walitamka. Hapakuwa na mtu mahali pale aliyeamini kwamba mioyo imeafiki yaliyotamkwa na vinywa. Mwaka huo huo Isabelle alifariki kwa sababu ya uzazi, akaacha mtoto wa kike aitwaye Jeanne. Mwaka 1410 Charles aliozwa Bonne, binti wa Bernard, Kaunti wa Armagnac, na kwa ndoa hiyo akampata mkwe mwenye askari wengi na ari ya vita. Ndipo watu wa upande wake walipoanza kuitwa Waarmagnac. Mwaka 1411 Charles na ndugu zake walimpelekea Jean barua ya kumtangazia uadui, na msamaha wa Chartres ukawa umekwisha kazi.

Katika vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe kila upande ulitafuta msaada wa Uingereza, na kila upande ukadai kwamba mwenzake ndiye msaliti. Mwaka 1412 Waarmagnac waliwaalika Waingereza, kisha, walipopatana kwa muda na mahasimu wao, wakalazimika kuwalipa wageni hao ili waondoke. Fedha zilipokosekana, mdogo wake Charles, aitwaye naye Jean, Kaunti wa Angoulême, alitolewa kuwa rehani. Mtoto huyo hakurejea kwao hadi baada ya zaidi ya miaka 30. Hiyo ndiyo gharama ya kwanza ambayo nyumba ya Orléans iliilipa kwa Uingereza. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi.

Agincourt na Kifungo

Tarehe 25 Oktoba 1415 jeshi la Henry V wa Uingereza lilipambana na jeshi la Ufaransa huko Agincourt. Charles, aliyebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 21, alikuwa miongoni mwa makabaila waliosimama mstari wa mbele. Mapigano yalipokwisha alikutwa hai chini ya maiti. Alivushwa bahari pamoja na mateka wengine wakubwa, akiwemo Duki wa Bourbon na Jemadari Boucicaut. Hao wawili walifia Uingereza.

Kwa desturi ya vita vya zama zile, mateka mwenye cheo alikuwa mali. Bei yake ilipatanwa, jamaa zake wakalipa, naye akarudi kwake. Charles hakufanyiwa hivyo, na sababu yake ilikuwa ya kisiasa. Alikuwa kiongozi wa upande mmoja wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kadiri watoto wa kiume wa Mfalme Charles VI walivyofariki ndivyo alivyozidi kukikaribia kiti cha enzi. Kumwachia kungewapa Wafaransa kichwa cha kufuata. Katika barua moja aliyoiandika kwa Kiingereza, Henry aliagiza kwamba Charles azuiwe ndani ya ngome ya Pontefract, asiruhusiwe kutoka hata kwa matembezi, kwa kuwa afadhali mateka akose burudani kuliko mfalme kudanganywa. Na alipokuwa akifa mwaka 1422, Henry aliacha wasia kwamba Charles asifunguliwe mpaka mwanawe, aliyekuwa bado mchanga, atakapofikia umri wa kutawala.

Kwa hiyo Charles alihamishwa kutoka ngome hata ngome: Mnara wa London, Windsor, Pontefract, Fotheringhay, Bolingbroke, Ampthill, Wingfield na kwingineko. Yafaa tuseme wazi kwamba hakutiwa katika shimo la giza. Alikuwa na watumishi, vitabu, wajumbe wa kumletea habari za mali zake, na wenyeji wenye vyeo sawa na hadhi yake. Katika mswada mmoja wa tungo zake, uliotengenezwa baada ya kifo chake na ambao umehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza kwa alama Royal 16 F ii, kuna picha ya Mnara wa London ambamo anaonekana mara kadhaa kwa wakati mmoja: ameketi akiandika, anachungulia dirishani, anampokea mjumbe. Mchoraji aliielewa hali ile. Kifungo cha kabaila kilikuwa ni kungoja.

Na wakati akingoja, maisha yake yalipita mbali naye. Mwaka 1419 Jean Asiyeogopa aliuawa katika daraja la Montereau na watu wa mrithi wa kiti cha Ufaransa. Kisasi ambacho Charles aliachiwa na mama yake kilitimizwa na wengine, yeye akiwa hayupo. Ndugu yake Philippe alifariki mwaka 1420. Mji wake wa Orléans ulizingirwa na Waingereza mwaka 1428, ukaokolewa mwezi Mei 1429 na Jeanne d'Arc pamoja na Jean, ndugu yake Charles kwa baba, ajulikanaye zaidi kwa jina la Dunois. Binti yake Jeanne alifariki mwaka 1432, na mkewe Bonne naye alifariki mumewe akiwa angali ng'ambo. Hakumzika hata mmoja kati yao.

Sanaa ya Mfungwa

Tungo nyingi alizozitunga kifungoni ni za bahari mbili. Ya kwanza ni baladi, yaani shairi la beti tatu zenye vina vilevile kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, kila ubeti ukimalizika kwa mshororo mmoja usiobadilika, na mwishoni kukawa na ubeti mfupi wa kulituma shairi kwa mlengwa wake. Ya pili ni rondeli, utungo mfupi ambao mishororo yake ya mwanzo hurudi katikati na mwishoni. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hatapata taabu kuelewa nidhamu hii: ni nidhamu ya vina, ya hesabu ya silabi katika mshororo, na ya kiitikio. Ametuachia baladi zaidi ya 100 na rondeli zaidi ya 300, nyingi za rondeli hizo zikiwa za baada ya kurejea kwake.

Jambo linalomshangaza msomaji wa mara ya kwanza ni yale ambayo hayamo. Vita vya Agincourt havisimuliwi. Walinzi hawatajwi kwa majina wala kulaaniwa. Mahali pake tunakuta watu wa kubuni: Moyo anayeshauriana na mwenye moyo, Macho wanaofanya haraka kupita kiasi, Tumaini anayeahidi asitimize, Huzuni anayebisha hodi, na Kutojali, anayempa mshairi makao ya kupumzikia baada ya mpenzi wake kufa. Hali ya kifungo imeingizwa ndani, ikawa ni mfumo wa nafsi. Wahakiki wengine wameliona hilo kuwa ni udhaifu. Robert Louis Stevenson, katika insha aliyoichapisha mwaka 1876, alimchora Charles kama mtu mwema asiye na nguvu ya kutenda. Naona hukumu hiyo haikumtendea haki. Mtu ambaye barua zake zaweza kufunguliwa na kila neno lake kupimwa kisiasa hana uhuru wa kulaani; na mshairi aliyekwisha kuona jinsi laana na viapo vilivyoiangamiza nchi yake huenda asiwe na hamu nayo.

Pale siasa inapojitokeza, hujitokeza kwa sauti nyingine. Katika baladi moja anasimama Dover na kuitazama pwani ya Ufaransa ng'ambo ya maji, na anachokitamani ni amani. Katika nyingine anawaomba watu wa tabaka zote, kuanzia makasisi hata wafanyabiashara, waiombee amani hiyo. Na uvumi ulipoenea Ufaransa kwamba amekufa, alijibu kwa baladi ya mzaha, akitumia methali ya watu wa kawaida, kuwajulisha kwamba yu hai. Huyu si mtu aliyezimika.

Mswada wa Harley 682

Tunafika sasa kwenye kiini cha suala letu. Katika Maktaba ya Uingereza umo mswada wenye alama Harley 682, ambao una mishororo zaidi ya 6,000 ya ushairi wa Kiingereza. Sehemu yake kubwa inakwenda sambamba na tungo za Kifaransa za Charles. Sehemu nyingine haina mwenziwe katika Kifaransa. Ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1827, ukahaririwa tena na Robert Steele mwaka 1941, na baadaye na Mary-Jo Arn mwaka 1994. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana juu ya mtunzi. Wengine walisema haiwezekani duki wa Kifaransa ashughulike kwa kiasi hicho na Kiingereza. Bila shaka, walisema, kuna Mwingereza aliyemtafsiria.

Hoja za upande wa pili zimepata nguvu zaidi, na leo wataalamu wengi wanakubali kwamba mtunzi ni Charles mwenyewe. La kwanza, jina na cheo chake vimo ndani ya masimulizi ya tungo hizo. La pili, tungo za Kiingereza hazizifuati za Kifaransa kama mfasiri mwaminifu afanyavyo. Huziacha, huzirefusha na huzigeuza, kwa uhuru ambao mwenye mali ndiye huwa nao. La tatu, lugha yenyewe ina tabia ya mtu aliyejifunza Kiingereza ukubwani akakimudu vizuri: msamiati mpana, mchezo wa maneno wenye ujasiri, na hapa na pale mpangilio wa sentensi unaofuata desturi ya Kifaransa. La nne, mfululizo wa Kiingereza una hadithi ambayo ule wa Kifaransa hauna: baada ya mpenzi wa kwanza kufa na mshairi kustaafu mapenzi, anaota ndoto ya Venus na ya Bahati mwenye gurudumu lake, kisha anampata mpenzi wa pili na kuanza kumtungia upya.

Kwa nini basi aliandika kwa Kiingereza? Jibu la haraka ni kwamba alilazimika, kwa kuwa ndiyo lugha ya waliomfunga. Jibu hilo halisimami. Makabaila wa Uingereza wa wakati ule walikijua Kifaransa, na katika hadhi ya fasihi na ya mabaraza ya wafalme, Kifaransa ndicho kilichokuwa juu. Tangu Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilikuwa kimeishi chini ya Kifaransa na Kilatini kwa karne kadhaa. Henry V ndiye aliyeanza, takriban mwaka 1417, kukitumia Kiingereza kwa kawaida katika barua zake mwenyewe, nayo ile barua ya kumzuia Charles asitoke Pontefract ni mojawapo ya hizo. Kwa hiyo mfungwa aliyekuwa na lugha ya hadhi alijifunza kutunga kwa lugha iliyokuwa bado inaipanda ngazi. Hakuna aliyemwamuru.

Mazingira yake yanatupa sehemu ya jibu. Kuanzia mwaka 1432 hadi 1436 Charles alikuwa chini ya ulinzi wa William de la Pole, Kaunti wa Suffolk. Suffolk mwenyewe alikuwa ametekwa na Wafaransa huko Jargeau mwaka 1429, akawekwa mikononi mwa Dunois. Aliujua utumwa wa kungoja fidia. Mkewe, Alice, alikuwa mjukuu wa Geoffrey Chaucer, mshairi aliyekuwa amekwisha kuonyesha kwamba bahari za Kifaransa zaweza kuogeleka kwa Kiingereza. Ndugu yake Charles, yule Jean aliyewekwa rehani, alijipatia nakala yake mwenyewe ya Hadithi za Canterbury za Chaucer, na nakala hiyo sasa iko Paris. Na kabla yao James I wa Scotland, aliyekaa kifungoni Uingereza kwa miaka 18 hadi 1424, anahesabiwa kuwa ndiye mtunzi wa shairi refu la mfungwa anayemwona mpenzi wake kupitia dirishani. Kulikuwa basi na nyumba, vitabu na wasikilizaji. Kiingereza cha Charles ni lugha ya mezani na bustanini, lugha ya watu waliokuwa maadui wa nchi yake na wakati huo huo wenyeji wake. Kutunga kwa lugha yao kulikuwa ni kukiri kwamba ni watu wa kuzungumza nao.

Ukombozi

Isifikiriwe kwamba mateka huyu alijitoa katika siasa akabaki na vina peke yake. Mwaka 1433, kwa tamaa ya kufunguliwa, alikubali hata kumtambua Henry VI wa Uingereza kuwa mfalme halali wa Ufaransa, kinyume cha binamu yake Charles VII. Ahadi hiyo haikumfungua, na haimpambi. Inatukumbusha kwamba maneno ya kulazimishwa hayakuishia Chartres.

Mlango ulifunguliwa upande usiotazamiwa. Mwaka 1435, katika mkataba wa Arras, Philippe, Duki mpya wa Burgundy, aliuacha urafiki wa Waingereza akapatana na Charles VII. Philippe alikuwa mtoto wa Jean Asiyeogopa. Kwa hiyo watu wawili sasa walikuwa sawa: huyu baba yake aliuawa kwa amri ya baba wa yule, na yule baba yake aliuawa na watu wa upande wa huyu. Katika mazungumzo yaliyofanyika karibu na Calais mwaka 1439, Isabella wa Ureno, mke wa Philippe, alishughulika sana kumtafutia Charles njia ya kutoka. Na wakati huo Charles na Philippe walikuwa wakipelekeana baladi. Charles humwita mwenziwe ndugu na rafiki, humweleza mashaka yake na kumkabidhi moyo wake. Philippe naye hujibu kwa bahari ile ile.

Mtu aweza kusema kwamba hizo ni adabu za kikabaila tu, na kwamba Philippe alikuwa na hesabu zake. Ni kweli alikuwa nazo: alitaka mshirika dhidi ya nguvu za Charles VII. Lakini hebu tuyalinganishe maneno ya 1409 na haya. Yale yalitungwa na washauri wa mfalme, yakatamkwa na watoto waliokuwa wakishurutishwa. Haya yalitungwa na mwenyewe, kwa kanuni ya sanaa ambayo humtaka ajibuye apokee vina na mtindo wa aliyemtangulia. Baladi ya kujibizana haiwezekani bila kumsikiliza mwenzako. Msamaha wa Chartres ulidumu miaka miwili. Huu ulidumu hadi kifo.

Mwishoni mwa Oktoba 1440 Charles aliapishwa katika Kanisa la Westminster. Humphrey, Duki wa Gloucester, ndugu yake Henry V, alipinga kufunguliwa kwake hadi dakika ya mwisho, akatoka kanisani kwa hasira misa ilipoanza. Mwezi Novemba Charles alivuka bahari hadi Gravelines, na kabla mwezi haujaisha akamwoa, huko Saint-Omer, Marie wa Clèves, msichana wa miaka 14 aliyekuwa mpwa wa Philippe. Philippe alimtia katika jumuiya yake ya heshima ya Ngozi ya Dhahabu, naye Charles akampa Philippe nishani ya nyumba ya Orléans. Mtoto wa aliyeuawa alivaa nishani ya mtoto wa mwuaji.

Blois

Alirudi akiwa na umri wa karibu miaka 46. Charles VII hakuufurahia urafiki wake na Burgundy, wala deni la fidia halikumwachia nafasi ya kutamba. Mwaka 1447, baada ya kufariki kwa mjomba wake Filippo Maria Visconti, alijaribu kudai utawala wa Milan kwa haki ya mama yake. Aliambulia mji wa Asti, na Milan yenyewe ikaangukia mikononi mwa Francesco Sforza mwaka 1450. Baada ya hapo alitulia zaidi Blois, na ngome yake ikawa baraza la washairi.

Alikuwa amerejea na mswada wake wa Kifaransa, ambao sasa umehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa kwa alama français 25458. Kitabu hiki kilikuwa daftari la maisha. Baadhi ya tungo zimo kwa mkono wake mwenyewe. Nafasi zilizoachwa wazi zilijazwa baadaye. Wageni, watumishi na jamaa waliandika humo tungo zao za kujibizana naye. Mada moja ya kinyume, ya mtu mwenye kiu hali maji yapo karibu, ilitungiwa baladi na washairi kadhaa, akiwemo François Villon, mtu maskini aliyeandamwa na mahakama, ambaye tungo zake ziliingia katika daftari la duki. Aidha zimo tungo chache za Kiingereza. Hakuitupa lugha ile alipovuka bahari, ingawa hakuiendeleza: wasikilizaji wake walikuwa wamebaki upande wa pili.

Mwaka 1458 mkwewe wa zamani, Jean, Duki wa Alençon, alishtakiwa Vendôme kwa kula njama na Waingereza. Charles alisimama mbele ya mfalme kumwombea asiuawe. Katika hotuba hiyo alieleza kwamba alipokuwa kifungoni Uingereza, kwa taabu na hatari alizozipata, mara nyingi alitamani kwamba afadhali angalikufa katika vita alivyotekwa. Alençon alihukumiwa kifo, lakini adhabu ikageuzwa kuwa kifungo. Ushahidi huu ni muhimu kwetu, maana unatuzuia kukipamba kifungo. Mtu aliyetuachia mashairi hayo yote alisema, mbele ya watu, kwamba bei yake ilikuwa kubwa kuliko kifo. Na zaidi ya hayo, tazama alivyoyatumia maumivu yale: si kudai malipo, bali kumponya mwingine. Miaka 50 baada ya hotuba ya Jean Petit ya kuhalalisha mauaji, yatima wa mauaji hayo alitoa hotuba ya kuyazuia.

Mwaka 1462, alipokuwa na miaka 67, Marie alimzalia mtoto wa kiume, Louis. Charles alifariki Amboise mwezi Januari 1465. Mtoto huyo alikuja kuwa Mfalme Louis XII wa Ufaransa mwaka 1498.

Hitimisho

Katika Afrika, mjadala wa lugha ya mwandishi umewashughulisha wasomi hasa tangu mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere mwaka 1962, na si ajabu msomaji akatafuta katika maisha haya hoja ya kuunga mkono upande wake. Atahadhari. Charles hakukatazwa lugha yake, wala hakufundishwa kuidharau. Lugha aliyojifunza haikuja na shule wala na serikali ya kumtawala yeye na watoto wake. Hata ushairi wa gerezani tunaoufahamu zaidi, kama ule wa Abdilatif Abdalla katika Sauti ya Dhiki (1973), ulizaliwa katika hali tofauti: mshairi kufungwa na serikali ya nchi yake mwenyewe na kusema nayo kwa lugha yake mwenyewe. Kuzichanganya hali hizi ni kuzidhulumu zote.

Tunalojifunza kwa Charles ni dogo kuliko hilo, lakini ni imara. Lugha ya pili haikumpokonya ya kwanza, kwa sababu aliiingia akiwa na fasihi yake mkononi na akiwa huru kuiacha. Na hadhi ya lugha si kitu cha kuzaliwa nacho: Kiingereza kilichokuwa kikitafuta nafasi mwaka 1417 ndicho kinachozitafutisha nafasi lugha nyingine leo. Ama wanahistoria wa fasihi, deni lao ni la kuzisoma tungo zote za mtu huyu pamoja. Ukisoma Harley 682 bila daftari la Blois utamwona mgeni mwenye kipawa. Ukisoma daftari la Blois bila Harley 682 utamwona mzee mpole aliyechoka. Ukizisoma zote utamwona mtu aliyerithi uadui wa nyumba mbili, akajibu kila mmoja kwa lugha ambayo adui angeweza kuielewa.